Msalaba wa Mpiganaji na Mkewe

Ninafanya kazi katika karakana ya mawe ya makaburi Turffontein, kusini mwa Johannesburg, mtaa wa pili kutoka uwanja wa mbio za farasi. Kazi yangu ni herufi. Watu huleta jina, tarehe mbili na mstari wa Biblia au wa Kurani, nami nahakikisha vimekaa sawa juu ya graniti kabla mashine haijapita. Mashine inapuliza mchanga kwa upepo mkali, herufi inachimbika kwa dakika chache, kisha tunatia rangi ya dhahabu au ya fedha. Wengine wanataka picha ya marehemu, na hiyo nayo mashine inaiweka, hata na miwani yake. Niliikuta kazi iko hivyo na sikuwahi kuilalamikia.

Mwenye karakana ni mzee wa Kizungu ambaye wote tunamwita Madala, neno la Kizulu la mzee, naye huitikia. Babu yake alitoka Uskoti akiwa na patasi zake ndani ya sanduku, na patasi hizo bado zimetundikwa ukutani. Madala alijifunza kuchonga kwa baba yake, lakini sasa mikono yake inatetemeka; kikombe cha chai hukishika kwa mikono yote miwili. Mwendesha mashine ya mchanga ni mwanamume wa Bukavu, rika langu. Yeye ananiita dada, mimi namwita kaka. Kiswahili chake na changu havifanani sana, ila pale karakanani hakuna mwingine wa kusemezana naye.

Mimi nilizaliwa Morogoro. Mama ni mtu wa Kilosa. Baba alikuwa Mwafrika Kusini, mpigania uhuru aliyetoroka kwao akiwa kijana. Utawala wa ubaguzi ulipoanguka huku, tulihamia Johannesburg, mimi nikiwa na miaka tisa. Baba amekwisha fariki. Mama anaishi Joubert Park, katikati ya jiji, ghorofa ya saba, katika jengo ambalo lifti yake hufanya kazi siku inazotaka, na amekataa kuhama.

Asubuhi moja ya kipupwe aliingia mama wa Kizungu wa miaka sitini na kidogo, amevaa koti la sufu la kijani, amekumbatia bomba refu la karatasi ngumu kama lile wanalobebea ramani. Hakuangalia mawe ya maonyesho yaliyopangwa mlangoni. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye meza ya Madala, akatoa karatasi iliyokunjwa ndani ya bomba, akaanza kuitandaza. Karatasi haikutaka kulala. Ikabidi tuizuie pembe kwa futi, kikombe na vipande viwili vya graniti.

"Mume wangu alifariki mwezi wa tatu," alisema. "Anataka hii."

Karatasi ilikuwa ndefu kuliko mimi. Mtu aliibandika juu ya jiwe lililochongwa, akaisugua kwa nta nyeusi, na kila kilichoinuka kwenye jiwe kikatoka cheusi. Ulikuwa msalaba wenye duara kichwani. Ndani ya duara kulikuwa na misokoto inayopita juu na chini, haina mwanzo. Chini ya duara alisimama mwanamume mwenye kofia ya chuma iliyochongoka na koti refu lililoshonwa mistari mistari, mkono mmoja ameshika mkuki, ubavuni ana upanga. Chini yake meli yenye tanga moja na makasia mengi. Chini kabisa, mbwa wawili wanamfukuza kulungu.

Yule mama alitueleza. Katika visiwa vya magharibi mwa Uskoti, miaka mia tano au mia sita iliyopita, mabwana wa vita waliwekewa misalaba ya namna hii. Walikuwa na ardhi, meli na watu wa kuwapigania, na walipokufa, au hata kabla, jiwe lilisimamishwa ili kila apitaye ajue hapa palikuwa na nani. Mume wake alikuwa na jina la ukoo lile lile lililokuwa kwenye msalaba huu. Aliamini huyu ni babu yake.

"Mimi sina hakika," alisema yule mama. "Jina lile wanalo watu maelfu, na wengi wao babu zao walikuwa wachunga kondoo. Lakini alikwenda huko akiwa na miaka thelathini, akakaa siku nzima mbele ya jiwe, akarudi na karatasi hii. Imekaa juu ya kabati letu miaka yote ya ndoa yetu."

Madala aliinama juu ya karatasi kwa muda. Kisha akasema kwamba kazi hii haifanyiki kwa graniti wala kwa mashine.

"Nani ataifanya basi?" aliuliza mama yule, akiitazama mikono ya Madala.

Madala alinielekezea kidevu. Hakuwa ameniuliza. Kwa mkono nilikuwa nimechonga herufi tu, siku za Jumamosi, kwenye vipande vya mawe yaliyovunjika, kwa sababu yeye alipenda kufundisha na mimi sikuwa na haraka ya kurudi nyumbani. Nilifungua kinywa niseme sijui, nikaona mama yule ananitazama kana kwamba jambo limekwisha. Nikaanza kuipima karatasi.

Jiwe lilitoka jimbo la Free State, jiwe la mchanga lenye rangi ya mkate wa ngano. Lilikuja juu ya lori, limefungwa magunia. Madala alimwaga maji juu yake akalichunguza jinsi yanavyokauka, akitafuta nyufa, kisha akasema ni zuri. Tulikata umbo la msalaba kwa msumeno, urefu kama kimo changu na kidogo zaidi. Baada ya hapo ilikuwa patasi na nyundo ya mbao. Nilichora miraba juu ya nakala ya karatasi, nikachora miraba ile ile juu ya jiwe, nikahamisha mstari mmoja mmoja. Madala alikaa kwenye kiti nyuma yangu. Alisema mambo machache: geuza patasi, usiipige, isukume, kwanza ondoa kisichokuwa mtu, mtu atabaki.

Wiki tatu za kwanza nilikuwa kwenye misokoto, na huko ndiko nilikokwama. Kamba zile zilipaswa kupita juu, chini, juu, chini, mpaka zirudi zilikoanzia. Zangu zilifika upande wa kulia zikagongana. Nilihesabu upya kwenye karatasi, nikahesabu kwenye jiwe, sikuona kosa. Madala naye hakuliona. Nikaacha patasi, nikapiga picha kwa simu.

Jumapili nilimpelekea mama. Mama yangu husuka ukili tangu utotoni kwao Kilosa. Joubert Park hakuna ukindu, kwa hiyo anasuka kwa kanda za plastiki zinazofungiwa maboksi, anazoletewa na wachuuzi wa kituo cha treni, na mikeka yake imejaa katika nusu ya nyumba za Watanzania ninaowafahamu. Alivaa miwani, akaikuza picha kwa vidole viwili.

"Hapa umeruka," alisema.

"Wapi?"

"Hapa. Umepita juu mara mbili. Yule mtu wa kwanza hakuruka. Wewe ndiye uliyeruka." Aliendelea kuitazama picha. "Aliyesuka hii alijua kazi yake. Ni msuko wa njia saba. Ni nani?"

"Sijui. Amekufa miaka mia sita iliyopita."

"Simuulizii fundi. Huyu wa kaburi."

Nikamwambia ni mwanamume wa Kizungu, amekufa mwezi wa tatu, mkewe ndiye aliyekuja. Mama akasema kwao Kilosa kaburi ni udongo, na jiwe moja kichwani na jingine miguuni, yatosha. Sanamu ya mtu juu ya kaburi yeye haielewi. Kisha akanionyesha namna ya kurekebisha. Kosa lilikuwa bado halijaingia ndani sana. Jumatatu nilishusha uso wa jiwe sehemu ile kwa unene wa shilingi, nikapitisha kamba chini, na misokoto ikafunga.

Yule mjane alikuja kila Alhamisi. Alileta biskuti zile ngumu za kuchovya kwenye chai, akageuza ndoo akaikalia, akawa anatazama. Hakusema mengi. Mara nyingine alifagia vumbi la mawe bila kuombwa. Mimi nilimwita mama, kama ninavyowaita wateja wote wa umri wake, na baada ya Alhamisi chache sikuona tena tabu kuchonga mbele yake.

Nilikuwa nimemaliza meli na mbwa, nikipanda juu kwenye miguu ya yule mpiganaji, aliponiuliza nimezaliwa wapi.

"Tanzania. Morogoro."

"Ilikuwaje?"

"Baba yangu alikuwa uhamishoni."

Patasi yangu iliendelea kufanya kazi. Nilipogeuka kuchukua brashi nilimwona ameshika biskuti yake juu ya kikombe bila kuichovya.

"Alikuwa mpiganaji?" aliuliza.

"Alikuwa katika jeshi la wapigania uhuru, ndiyo. Alikwenda Angola mara mbili. Ya pili mimi nilikuwa nimeshazaliwa."

"Mume wangu alikuwa askari mpakani, kule Namibia," alisema. "Na ng'ambo ya mpaka. Angola. Miaka miwili. Jeshi la serikali lilimwita wakati ametoka shule, kama walivyoitwa vijana wote wa Kizungu siku zile. Nilimpata baada ya hapo. Hakunieleza. Alikuwa hapendi harufu ya dizeli, na hakuweza kulala mahali ambapo hauoni mlango. Hayo ndiyo ninayoyajua." Aliweka kikombe chini. "Maisha yake yote alikuwa mpima ardhi. Hilo jingine sikulitaja kwa sababu sikudhani lina maana kwa mtu yeyote hapa."

Tulikuwa wawili tu upande ule. Mashine ya mchanga ilikuwa inaunguruma na kunyamaza kule nyuma.

"Ungependa kuacha?" aliniuliza.

Nilitazama jiwe. "Nimefika magotini," nikasema.

Hilo ndilo lililonijia. Hakuniuliza tena, akamaliza chai yake, akaondoka mapema kuliko siku nyingine. Nilipobaki peke yangu sikuhisi hasira niliyoitarajia. Nilihisi uchovu wa mgongo, ambao nilikuwa nao hata kabla ya mazungumzo. Nilifunika jiwe kwa gunia, nikaenda zangu.

Mama yangu nilimweleza siku hiyo hiyo jioni, tukichambua mchicha. Aliuliza jambo moja tu, miaka gani. Nikamtajia nilivyokadiria. Akahesabu kwa vidole.

"Basi walikuwa kule wote wawili," akasema. "Nchi ile ni kubwa. Huenda hawakuonana."

"Na kama walionana?"

"Kama walionana, kila mmoja alimkosa mwenzake, maana wote walirudi wakaoa wakazeeka." Alitupa shina kwenye ndoo. "Umeshaanza kazi ya watu?"

"Nimeshaanza."

"Maliza."

Kisha akazungumzia kaburi la baba, jambo ambalo hulizungumzia kwa nadra. Lipo Soweto. Wenzake wa zamani ndio waliolisimamisha, graniti nyeusi yenye ngao na mikuki miwili, na maneno ya ushujaa chini yake. Walifanya kwa heshima, na mama aliwapikia pilau siku hiyo. Lakini baba, kwa jinsi yeye anavyomjua, alikuwa mtu wa redio. Alikaa kwenye handaki na vidude vya kusikilizia masikioni, akiandika namba alizosomewa na mtu asiyemwona. Bunduki alipewa, na aliniambia mwenyewe nikiwa mkubwa kwamba aliifyatua mazoezini tu. Sikukuu ya Idi mama alipomtaka achinje kuku, alimtafuta jirani.

"Mimi sikusema kitu," mama alisema. "Wao waliona mikuki inapendeza. Lakini nikienda pale namsalimia mtu mwingine."

Kaka wa Bukavu alipata habari kwa njia yake mwenyewe. Ukuta kati ya mashine na meza yangu ni wa mabati. Siku mbili hakusema. Ya tatu alikuja akasimama mbele ya msalaba, ameshusha barakoa yake shingoni.

"Miye singechonga huyu, dada," alisema.

"Kwa sababu ya baba yangu?"

"Hapana. Baba yako naye alikuwa askari, sawa. Ni huyu." Aligusa upanga kwa kidole kilichojaa vumbi. "Kwetu watu wa hivi walipita kijijini mara tatu. Kila mara wengine, kila mara na jina lingine. Hao wanawekewa mawe. Siye tuliokimbia na magodoro kichwani, nani anatuwekea jiwe?"

Niliweka patasi chini. Nikamwambia hata hawa wa kwenye visiwa lazima walikuwa na watu waliowakimbia. Meli yenye makasia yale haikutengenezwa kwa kuvulia samaki. Akasema kabisa, ndiyo hivyo. Akarudi kwenye mashine. Hatukugombana. Lakini kuanzia siku ile hakuja kunywa chai upande wangu mjane akiwapo.

Karatasi ya pili niliipata mwezi wa nane. Nilikuwa narudisha ile kubwa kwenye bomba, ikagoma kuingia mpaka mwisho. Nikatazama ndani, nikaona kitu kimejibandika ukutani mwa bomba. Nilikitoa kwa koleo. Ilikuwa karatasi ndogo, imesuguliwa kwa nta ile ile, na juu yake mistari minne ya herufi nilizozitambua nusu nusu. Ulikuwa upande wa nyuma wa msalaba.

Madala alisema ni Kilatini na yeye hakisomi. Kaka, bila kuulizwa, akasema padri wake wa Rosettenville, mtaa wa jirani, anakisoma, na akampigia simu hapo hapo. Padri alikuja baada ya misa ya adhuhuri, Mkongo mwembamba mwenye koti la baridi juu ya kanzu yake. Alitaka karatasi iwekwe dirishani, mwanga upite. Herufi nyingine zilikuwa zimelika, lakini alisoma polepole, akirudi nyuma mara kwa mara.

"Huu ni msalaba wa fulani mwana wa fulani," alisema kwa Kiswahili, "na wa mkewe. Jina la mke limefutika. Halafu hapa wanasema yule mke ndiye aliye... ngoja. Hakuchonga mwenyewe. Alifanya kwamba uchongwe."

"Aliuchongesha," nikasema.

Padri alicheka. "Eeh. Kilatini kinatumia maneno mawili, wewe umetumia moja. Ndiye aliyeuchongesha."

Alhamisi nilimpa mjane karatasi ile na tafsiri niliyomwandikia. Aliisoma amesimama. Akauliza ilikuwa wapi, nikamwonyesha ndani ya bomba. Akauliza kama mume wake alijua maana yake. Nikamwambia sijui. Alikaa kwenye ndoo.

"Alinionyesha ile ya mbele labda mara mia," alisema. "Watoto pia. Wageni pia. Hii sikuwahi kuiona." Akaikunja, akaikunjua. "Nilidhani ninakuja hapa kutimiza jambo lake."

Baadaye alisema anataka upande wa nyuma nao uchongwe, kwa Kilatini kile kile, majina yakiwa yao wawili. Padri alituandikia sentensi, na alikataa kupokea chochote isipokuwa biskuti.

Kilichobaki kilikuwa uso wa mpiganaji. Kwenye karatasi hapakuwa na uso. Mvua ya miaka mia sita ilikuwa imeulamba, na chini ya kofia ya chuma palitoka doa jeupe. Mjane alitaka nipaache hivyo hivyo, laini. Madala alikataa, na ndiyo mara pekee nilimsikia akimkatalia mteja.

"Fundi hachongi uharibifu," alimwambia. "Yeye achonge uso, mvua itafanya kazi yake. Tuna mvua hapa pia."

Wakabishana kidogo. Mwishoni Madala alileta kitabu cha picha za misalaba ile, akamfungulia ukurasa baada ya ukurasa. Wapiganaji ambao nyuso zao zilisalimika walifanana wote: macho mawili ya mviringo, pua iliyonyooka, mdomo mfupi. Fundi alikuwa na kielelezo kimoja, na kila bwana aliyekufa alipewa kile. Mjane alitazama picha nyingi, akasema basi, apewe na yeye.

Uso ulinichukua siku nne. Nilikuwa nimejiandaa kwa jambo fulani kutokea ndani yangu nitakapoufikia, kwa kuwa kila mtu alionekana kulingojea, hata kaka aliyekuwa akichungulia juu ya mabati. Halikutokea. Jicho la kushoto lilinisumbua kwa sababu jiwe lilikuwa na punje ngumu mahali pale. Mtu akiniuliza nilifikiria nini, ukweli ni kwamba nilifikiria ile punje. Siku ya pili mkono uliteleza kule chini nilipokuwa nasafisha, sikio la mbwa mmoja likabanduka lote. Madala alinifundisha kulishusha sikio la pili lilingane. Mbwa yule sasa hana masikio, na anaonekana ana mbio zaidi kuliko mwenzake.

Herufi za nyuma nilizichonga kwa raha. Hiyo ndiyo kazi yangu. Alhamisi ya mwisho nilikuwa nimebakiza neno moja, lile la kufanya. Mjane aliuliza kama ni vigumu.

"Mstari ulionyooka si mgumu," nilimwambia.

Akavua koti. Nilimshikisha patasi, nikamwekea mkono kwenye pembe inayotakiwa, nikamwonyesha herufi I iliyochorwa kwa penseli. Aligonga mara ya kwanza kama anayebisha hodi nyumba ya mgonjwa. Nikamwambia jiwe halitaumia. Akagonga tena. Ilimchukua karibu nusu saa, na jasho lilimtoka ingawa kulikuwa na baridi. Mstari wake ulipinda kidogo chini na ulikuwa na kina zaidi juu. Nilimuuliza kama ninyooshe.

"Hapana," alisema. Aliufuta vumbi kwa kidole gumba. "Hivi ndivyo nilivyofanya."

Alilia pale, si kwa muda mrefu, huku ameshika ile patasi. Madala aligeukia dirisha akajifanya anatafuta penseli. Mimi nilisimama karibu naye, na nilipoona anayumba nilimshika kiwiko. Ndipo nilipomwonea huruma kwa mara ya kwanza, yeye mwenyewe, si kama mteja. Kabla ya hapo nilikuwa namheshimu tu.

Msalaba tuliusimamisha mwezi wa kumi, kabla ya mvua, katika makaburi ya zamani ya upande wa kaskazini ambako ukoo wa mumewe ulikuwa na sehemu yake. Alikuwepo yeye, binti yake aliyetoka Cape Town na mumewe, na majirani wachache. Kaka alikuja na lori. Nilidhani atatuma mtu mwingine, lakini timazi alilishika yeye, akazunguka jiwe mara tatu akipima, akaomba tulisogeze kwa unene wa kucha, akapima tena. Saruji ilipomwagwa aliondoka kwenda kukaa kwenye lori, ameacha mlango wazi. Binti alisoma kitu kifupi. Hakuna aliyetaja Angola. Mjane aliniita mbele ya watu akawaambia huyu ndiye, nao wakanishika mkono mmoja mmoja.

Yeye alihamia Cape Town kwa bintiye mwanzoni mwa mwaka. Aliuza nyumba. Ameniandikia mara mbili kwa simu, mara moja kuuliza hali ya msalaba baada ya mvua ile ya mawe iliyovunja vioo vya magari mjini. Nilikwenda kuangalia, nikamjibu kwamba ni salama. Kazi nyingine ya namna ile haijaja karakanani. Madala alitangaza kidogo, watu wakapiga simu, wakasikia itachukua miezi, wakachagua graniti. Kaka na mimi tunakunywa chai pamoja kama zamani.

Mama aliomba kuuona msalaba mwenyewe. Nilimchukua Jumapili moja, tukapanda teksi mbili, tukatembea kipande kilichobaki taratibu kwa sababu ya magoti yake. Alijitanda khanga vizuri kabla ya kuingia getini, akasoma dua yake kimya kwa ajili ya watu wote waliolala pale, kisha akataka kuonyeshwa. Kwanza alikwenda kwenye misokoto. Alifuata kamba kwa kidole, juu, chini, mpaka ikarudi, akatikisa kichwa kuridhika. Mpiganaji, mama alimtazama kidogo tu. Mbwa walimchekesha.

Nikamzungusha nyuma, nikamsomea Kilatini kama padri alivyonifundisha, nikamfasiria.

"Huyu ni mume," alisema, akigusa mstari wa kwanza. "Huyu mke. Na hapa ndipo inaposema mke ndiye aliyeuchongesha."

"Ndiyo."

"Na aliyechonga?"

"Hatuandiki, mama. Madala aliniambia naweza kuweka herufi zangu kule chini. Sikutaka."

Alinitazama juu ya miwani. "Kwa nini?"

Nilimwambia kaburi ni la wenyewe. Hakupinga. Alisimama kidogo akiegemea bega langu, akiyatazama makaburi mengine, mengi yakiwa na majani marefu na majina yaliyofifia. Akauliza kama kuna mahali karibu pa kununua maji. Nikamwambia kuna kituo cha mafuta barabarani, tukashika njia kurudi.